Bitana ya Koti la Harusi

Kazi ya Mama Pindo ina sehemu mbili. Ya kwanza hufanywa na cherehani, na hiyo ina kelele: pedali inagonga, gurudumu linazunguka, naye anazungumza na wateja, anawapima viuno, anawasema kwa kunenepa bila kumtaarifu fundi. Ya pili hufanywa kwa mkono. Pindo la gauni, pindo la suruali, bitana ya koti. Hapo hunyamaza. Huhamia kwenye kigoda karibu na mlango, penye mwanga, akaitandaza nguo magotini, na tangu sindano inapoingia kitambaani mpaka anapokata uzi kwa meno, anamwombea mwenye nguo.

Hakuianza tabia hiyo kwa utakatifu. Aliianza kwa kukosa nafasi. Alipompokea Yesu alikuwa na watoto wawili wadogo, sufuria jikoni na wateja mlangoni, na kila alipopiga magoti mtu alimpanda mgongoni. Akagundua kwamba kwa siku nzima utulivu wake ulikuwa mahali pamoja tu, kwenye pindo. Wengine wana chumba cha maombi. Yeye akawa na sindano.

Fundi viatu, anayegawana naye baraza moja, ndiye aliyemgundua.

"Mama, nakuona unachezesha midomo. Unahesabu mishono?"

"Namtaja mwenye nguo."

"Kwa nani?"

"Kwa anayemjua kuliko ninavyomjua mimi."

Fundi viatu hakuweza kukaa na habari kama hiyo tumboni. Tangu hapo wapo wateja wanaoinama wakati wa kupimwa na kunong'ona, "Mama, nifanyie pindo pana kidogo. Mwaka huu nina mtihani."

Jina hilo la Mama Pindo alipewa na mumewe, fundi rangi wa nyumba, katika siku ambazo walikuwa bado wanataniana. Mume alikuwa mrefu, mwenye mikono ya taratibu, na mtu akitaka ukuta uliopigwa rangi usioonyesha mahali brashi ilipopita, aliitwa yeye. Kisha mvua za mwaka uliopita zilipokatika, alisema amepata kazi kubwa upande wa pili wa mji, nyumba nyingi mpya, na kwamba atalala huko huko kwa muda. Rangi ilikuwa ikitoka kwenye duka la mama mmoja mjane. Watu walipoulizwa habari za duka lile walianza kukohoa.

Mama Pindo hakuhitaji kikohozi chao. Siku ile mume alipoondoka alifungua kabati na kukuta koti la harusi halipo. Koti lile alilishona mwenyewe, la rangi ya majivu, kola yake akiirudia mara tatu mpaka ikalala. Mtu anayekwenda kazini kwa muda habebi koti la harusi.

Aliomba. Mwanzoni aliomba kwa machozi, baadaye kwa hasira, halafu ukaja wakati mbaya kuliko nyakati hizo mbili. Maombi yakakauka. Alikuwa akisema "Bwana," kisha anabaki pale pale, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Lakini Jumapili alivaa, akaenda, akakaa kwenye benchi lake la siku zote karibu na nguzo, na kwaya ilipofika kwenye sauti ya pili akaitoa kama kawaida. Mchungaji alimsimamisha mlangoni akamuuliza anaendeleaje.

"Nimesimama, mchungaji," alisema. "Kwa mguu mmoja, lakini nimesimama."

"Na ule mwingine?"

"Ule unatafuta pa kukanyaga."

Mambo yalikuwa hivyo wifi yake alipokuja na koti.

Huyo wifi ni dada mkubwa wa mume, mwanamke mwenye moyo mkubwa na mdomo unaoushinda moyo kwa mbio. Mwanawe wa kiume alikuwa anaoa Jumamosi ile. Aliingia, akajitupa kwenye benchi la wateja, akalitoa koti kwenye mfuko.

"Mume wako huyu," alisema, maana akimkasirikia ndugu yake humkabidhi kwa wifi. "Bitana imefumuka kwapani. Anataka kulivaa kwenye harusi ya mwanangu. Nikamwambia hakuna mkono mwingine utakaoligusa koti hili."

"Acha hapo. Nitalitengeneza."

"Subiri, sijamaliza." Alichungulia nje. Fundi viatu alikuwa akipiga misumari kwenye soli, akisikiliza kwa makini. Wifi akashusha sauti. "Unajua anataka kuja na nani?"

Mama Pindo alijua.

"Kanisani, wifi. Mbele ya ukoo wangu wote. Mimi nitauweka wapi uso wangu? Nitautia kwenye mkoba?" Akafungua mkoba wenyewe, akatoa kitu kidogo kilichoshonewa ndani ya kitambaa cheusi, si kikubwa kuliko kifungo cha koti. "Yupo mtaalamu mmoja. Usinitazame hivyo. Yupo mtaalamu mmoja, amewarudisha waume wa watu hapa hapa mjini, na wengine unawashonea nguo. Kitu hiki kinawekwa upande wa moyo, kati ya kitambaa na bitana, na lazima mkono uwe wa mke mwenyewe. Sasa fikiria. Wake wengine wanahangaika kumtafuta fundi. Wewe fundi ndiye wewe. Mungu akupe nini tena?"

"Mungu umemtia wapi katika habari hii, wifi?"

"Mimi nami naenda kanisani. Jumapili nazungumza na Mungu. Katikati ya wiki nazungumza na wanaojibu haraka." Akasimama, akajipangusa sketi. "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na wewe ukuta wako umeshaanguka nusu. Mshono mmoja tu, mama. Nani atajua?"

Akakidondosha kile kitu ndani ya kopo la pini, akaenda zake.

Hapo Mama Pindo angeweza kukitoa na kukitupa. Hakukitupa. Alimaliza gauni la mteja, akapika, akala, akalala, na kitu kikabaki ndani ya kopo. Kila alipochukua pini kidole chake kilikigusa. Alijiambia kwamba anasubiri tu wifi arudi akichukue mwenyewe.

Kesho yake mchana mtaa ulikuwa kimya kwa jua. Alilitandaza koti juu ya meza, ndani nje, akachukua wembe akaanza kufumua bitana upande wa kushoto. Harufu ikapanda. Rangi, jasho analolijua, na sabuni asiyoijua. Hiyo sabuni ndiyo iliyomtoboa. Kumbe mtu anaweza kuvumilia kukohoa kwa mji mzima, halafu akashindwa na sabuni.

Bitana ilipofunguka, mahali pale pakawa wazi mbele yake, upande wa moyo, pamelala kama mfuko unaosubiri. Na sauti iliyomjia haikuwa na pembe wala moshi. Ilikuwa sauti ya busara, sauti ya shangazi mtu mzima anayekutakia mema. Hii si kwa ubaya. Hutaki mume wa mtu, unataka wako. Ndoa hii Mungu mwenyewe aliifunga, na wewe unamsaidia kushikilia kamba. Umeomba mwaka mzima, umejibiwa nini? Hata akikasirika atasamehe, kusamehe ndiyo kazi yake.

Akachukua kile kitu kutoka kwenye kopo. Kilikuwa chepesi. Akakiweka pale, akakibana kwa pini, akairudisha bitana juu yake, akahamia kigodani na kutunga uzi.

Sindano ikaingia. Na midomo, ambayo kwa miaka na miaka haikusubiri kuagizwa, ikaanza: "Bwana, mtazame huyu..."

Ikakwama hapo.

Akajaribu tena. "Bwana, mtazame huyu." Atazame wapi? Ukimwita mgeni aje akague nyumba, huwezi kusimama mbele ya mlango wa chumba kimoja ukiwa umeficha funguo nyuma ya mgongo. Akaamua kushona bila kuomba, lakini mkono ulikuwa umezoea kwenda na mdomo. Mishono ikatoka mirefu, mingine mifupi, imeelekea kila upande, kama ya mwanafunzi wa siku ya kwanza. Akaifumua. Akashona tena. Ikatoka vile vile.

Ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika maisha yake ya ufundi. Aliinuka kigodani, akalipeleka koti kwenye cherehani. Kwenye cherehani huwa haombi. Pana kelele, miguu ina kazi, mdomo hauna zamu. Akailaza bitana chini ya sindano ya mashine, akashusha mguu wa chuma unaobana kitambaa, akakanyaga pedali.

Kule nje nyundo ya fundi viatu ikanyamaza.

"Mama Pindo," aliita bila kugeuka. "Tangu lini bitana ikashonwa kwa mashine?"

Mama Pindo akakanyaga tena.

"Itakunjamana, mama. Wewe ndiye uliyeniambia." Akapiga msumari mmoja, akaongeza kwa utani wake wa kila siku, "Au leo mwenye koti hana bahati ya kuombewa?"

Mguu wa Mama Pindo ukasimama juu ya pedali.

Fundi viatu hakujua alichokisema. Mpaka leo akisimuliwa anadai alijua, lakini hakujua. Alikuwa na msumari mdomoni na anatania tu. Ila Mama Pindo alikaa pale, mikono juu ya kitambaa, akaona kitu kimoja kwa uwazi kabisa. Wifi alisema kitu kile kitamfunga mume. Mume bado hajalivaa koti, na tayari kimeshamfunga mke: kimemfunga mdomo, kimemwondoa kwenye kigoda chake, kimemkalisha mahali pasipo na sala. Kama kinafanya hivyo kabla ya kushonwa, kikishashonwa kitafanya nini?

"Hapana," alisema kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwambia mteja anayetaka nguo ya Jumamosi siku ya Ijumaa jioni. "Mimi ni wa Yesu. Hata nikiachwa, nimeachwa nikiwa wake."

Akachomoa pini. Akafumua kile kipande cha mashine, uzi kwa uzi. Akakichukua kile kitu kwa vidole viwili, akatoka mlango wa nyuma, akakitupa chooni, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Kisha akarudi, akaketi karibu na mlango, akatunga uzi mpya.

Maombi yale hayakuwa matamu. Alitaka kusema "mrudishe", lakini neno hilo lilikuwa bado lina harufu ya kopo la pini, akaliweka kando. Akaanza na vitu vidogo anavyovijua. Magoti yake, maana yanamuuma akishuka ngazi. Kifua chake, maana anavuta rangi kutwa na hataki kujifunga kitambaa puani. Ulimi wake, umpe kusema kweli. Alipofika kwapani akamtaja na mwenye duka, kwa kifupi, kwa sababu uzi ulikuwa umebaki mfupi. Na mahali fulani kati ya kwapa na mfuko wa ndani akagundua kwamba anazungumza. Lile "Bwana" lililokuwa likibaki peke yake kwa muda mrefu lilikuwa limepata sentensi.

Jioni ile alijisikia vizuri mno, na hapo nusura ateleze tena. Alianza kupanga jinsi atakavyosimama mbele ya kina mama wa kanisa kutoa ushuhuda, kanga gani atavaa, atanyamaza wapi ili walie. Alikuwa ameshafika kwenye vilio alipojicheka. Ibilisi ukimtoa mlangoni hurudi dirishani amevaa sare ya kwaya.

Wifi alipokuja kuchukua koti, alilipapasa kifuani kwa kiganja.

"Umeweka?"

"Sikuweka. Nimekitupa chooni."

Wifi akamtazama, akatabasamu polepole, akamfinya shavu. "Vizuri. Mtaalamu alisema mke mwenye akili hatakiri hata kwa ndugu."

"Wifi, nakwambia kweli."

"Nami nakusikia, mama. Chooni." Akaondoka akicheka peke yake mpaka kona.

Mtu mwingine angebeba siri hiyo hadi harusini. Wifi hakufika nayo mbali. Alipomkabidhi ndugu yake koti alimwambia, "Vaa, baba. Jumamosi miguu yako itajua pa kwenda," na alipoulizwa ana maana gani alijibu kwamba yeye hana maana yoyote, aulizwe aliyeshona.

Ijumaa asubuhi mume akatokea barazani. Hakuwa amekanyaga pale tangu alipoondoka. Alikuwa amevaa nguo za kazi zenye madoa ya rangi nyeupe, koti mkono mmoja, na mkono mwingine kisu cha kukwangulia rangi. Fundi viatu alipoona kisu aliinuka nusu.

"Kaa, fundi," Mama Pindo alisema. "Ni baba wa wanangu. Karibu, baba."

"Umeweka nini humu?"

"Mshono na maombi."

"Dada ameniambia."

"Dada yako nilimwambia ukweli, akanifinya shavu." Akasogeza vitambaa pembeni, akaacha meza tupu. "Angalia mwenyewe."

Mume akalitupa koti mezani, akalipindua, akaelekeza kile kisu kwenye bitana.

"Si kwa hicho," alisema mkewe. "Kitachana kitambaa. Chukua wembe."

Akampa. Mume akaupokea kabla hajafikiri, akaanza kufumua. Alifumua upande wa kushoto, akatia mkono, akapapasa. Akafumua wa kulia. Akafumua mabega, akafumua mifuko, na alipofika kwenye ile kola iliyorudiwa mara tatu alisita kidogo, kisha akaifumua nayo. Mama Pindo alisimama akitazama kazi ya ujana wake ikigeuka vipande, na ndani yake maneno ya mwaka mzima yalipanga foleni, kila moja limenolewa. Alihisi la mbele limeshafika kwenye meno. Akafunga mdomo, akaliacha lipite pembeni.

Mwisho pakawa hakuna cha kufumua. Juu ya meza palikuwa na vitambaa vya rangi ya majivu na nyuzi. Mume akakaa kwenye benchi la wateja kama mtu aliyeshushiwa mzigo asioujua.

"Kiko wapi?"

"Chooni."

"Kwa hiyo kilikuwepo."

"Kilikuwepo. Sitakuficha. Nilikishika kwa mkono huu nikakiweka pale, nikakibana kwa pini."

"Kwa nini ulikitoa?"

Alifikiri kidogo, maana alitaka kumjibu kweli, si kumjibu vizuri. "Nilishindwa kukuombea kikiwa humo. Na mimi nilikuwa nataka mume, baba. Kile kingeniletea mfungwa."

Fundi viatu alikuwa ameshika kiatu kimoja hewani kwa muda mrefu bila kukifanya chochote. Mume aliinamisha kichwa. Aliendelea kukiinamisha mpaka shingo yake ikaonekana, na mkewe akaona kuwa mvi zimeanza kumshuka nyuma, mahali ambapo mtu mwenyewe hawezi kujiona.

"Nimekaa kule nikijua unanilaani," mume alisema. "Kila kilichoniuma nilisema ni wewe. Goti likiuma, nasema ni wewe."

"Goti nililiombea."

Akacheka, kicheko kibaya kilichokaribia kuwa kitu kingine. "Sasa nimekuharibia koti."

"Umeharibu lako. Harusi ni kesho. Unalitaka au hulitaki?"

"Litawahi?"

"Ukikaa, ukanishikia mikono ya koti, litawahi."

Akakaa. Vipande vikubwa vilirudi kwenye mashine. Kisha Mama Pindo akahamia kigodani na bitana, na mume akaleta benchi karibu, akamshikia kitambaa kisiteleze. Midomo ya mkewe ikaanza kucheza. Alijua inafanya nini. Akasogea upande ili kivuli chake kisikae juu ya kazi.

Jua lilipokuwa limeanza kulegea ndipo aliposema, "Kesho utakaa wapi?"

"Ninapokaa siku zote. Karibu na nguzo."

"Pana nafasi?"

Mama Pindo akakata uzi kwa meno. "Nafasi ipo. Lakini ukija, uje mwenyewe. Usije kwa dada, wala kwa watu, wala kwa kuwa nimekushonea. Na kama hutakuja, nitakuwepo pale pale."

Mume akalivaa koti, akalifunga, akaondoka bila kuahidi. Fundi viatu alisubiri mpaka amepotea mtaani.

"Atakuja?"

"Sijui."

"Na wewe umekaa umetulia hivyo?"

"Jirani, mguu wangu wa pili umepata pa kukanyaga," alisema, akaanza kuokota nyuzi sakafuni.

Jumamosi alikwenda mapema, akakaa karibu na nguzo, na hakugeuka kutazama mlango. Kanisa likajaa. Bwana harusi akasimama mbele akilowa jasho. Wimbo wa kuingia bibi harusi ulikuwa umeanza pale benchi lilipolia upande wa mwisho, na kwa pembe ya jicho akauona mkono wa koti la majivu. Alikuwa peke yake. Alikaa akaacha nafasi kati yao, nafasi ya mtu mmoja mwembamba, kama anayejua kwamba hiyo haizibwi kwa siku moja. Bado palikuwa na maneno mengi ya kusemwa, dukani kule na nyumbani huku, na kwa watoto. Lakini kola ilikuwa imelala vizuri.

Kutoka benchi la mbele wifi aligeuka. Akamwona ndugu yake, akamwona mke wa ndugu yake, akapitisha macho kwenye koti, upande wa moyo. Kisha akamkonyeza Mama Pindo kwa jicho lote, na midomo yake ikasema bila sauti: *Si nilikwambia?*

Mama Pindo hakubishana naye, maana wimbo ulikuwa umefika kwenye sauti ya pili.